pH 5 si "pungufu kidogo" ya 6

Kila mvua zikikaribia, kwenye maduka ya pembejeo ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mbalizi hadi Makambako, husikika kauli ileile: udongo wako una pH 5, ulitakiwa 6, umepungua kidogo tu, tupia mfuko mmoja wa chokaa. Inaniudhi sana, kwa sababu mkulima anaondoka ameshalipa na tatizo liko palepale.

pH ni kipimo cha tindikali, na chokaa huwekwa kuipunguza. Kipimo hiki alikibuni Søren Sørensen, mkemia wa Denmark, mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akichunguza vimeng'enya. Tindikali inatokana na ioni za haidrojeni, ndiyo hiyo H. Wingi wake katika lita ulimlazimu kuandika 0.00001 au 0.000001, naye akaona aandike 5 na 6 tu: nafasi ya desimali ambapo ile moja imekaa. Kwa hiyo pH 5 ina tindikali mara 10 ya pH 6, na mara 100 ya 7. Namba ikishuka, tindikali imepanda. Hiyo p inasimamia nini, kumebishaniwa miaka mingi. Shambani haiongezi debe.

Chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imejifunga kwenye udongo huanza kuyeyuka. Ng'oa mche wa mahindi uliodumaa uangalie mizizi: mifupi, minene, ncha za kahawia, vinyweleo hakuna. Alumini hiyo pamoja na chuma hukamata fosforasi, kwa hiyo DAP, mbolea ya fosforasi na naitrojeni, uliyonunua kwa bei ya kuumiza inabaki ardhini huku majani yakigeuka zambarau. Ukiongeza DAP nyingine, amonia yake ikigeuka naitreti inaachia haidrojeni zaidi. Tindikali unailisha mwenyewe.

Kiasi cha chokaa nacho hakisomwi kwenye pH peke yake. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji una akiba kubwa ya tindikali, hudai chokaa nyingi kuliko wa kichanga wenye pH ileile. Vipima vya mkononi, sawa, vinaonyesha kwamba tatizo lipo. Kilo ngapi, havisemi. Chota udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, kwepa vichuguu na palipochomwa takataka, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, peleka nusu kilo maabara na uombe kiwango cha chokaa.

Chai ya Mufindi na Rungwe inapenda tindikali, iacheni. Wa viazi wasipitilize, ugonjwa wa magamba utaharibu ngozi ya kiazi.

Mawe ya chokaa yapo hapo Songwe. Mwaga chokaa ya kilimo, iliyosagwa laini, mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, uilimie ndani. Usiichanganye na urea au DAP, naitrojeni itaruka hewani ikiwa amonia.