Mtoto wa Edward Bloom anadai nini?

Wengi niliozungumza nao hapa Lubumbashi, Kongo, kuhusu Big Fish, filamu ya Tim Burton iliyotoka mwaka 2003, humlaumu mtoto. Humwona Will kuwa kijana mkavu wa moyo, mwandishi wa habari anayeishi Paris, ambaye alikaa miaka mitatu bila kuzungumza na baba yake, Edward Bloom, eti kwa sababu mzee alisimulia tena, kwenye harusi ya mwanawe, jinsi alivyomnasa samaki mkubwa kwa pete ya ndoa siku Will alipozaliwa. Lawama hiyo inaeleweka, kwa kuwa filamu yenyewe inampendelea baba: yeye amepewa jitu, mchawi mwenye jicho la kioo, sarakasi na mji ambao wakazi wake hutembea pekupeku. Mtoto amepewa maswali tu.

Ni maswali mazito. Will anarudi Alabama wakati baba yake anakufa kwa saratani, naye mwenyewe anakaribia kupata mtoto wa kwanza. Anataka kujua yule mtu aliyekuwa akisafiri na kuuza bidhaa, asiyeonekana nyumbani, alikuwa nani hasa. Wapo wanaojibu kwamba sisi tumelelewa kwa hadithi na hatukudhurika. Ni kweli, lakini bibi anapomsimulia mjukuu ujanja wa Kalulu, yaani sungura, wote wawili wanajua kwamba ni hadithi, na mtoto anaruhusiwa kuuliza, kucheka, hata kupinga. Bloom hatoi ruhusa hiyo, kwani anasimulia maisha yake mwenyewe, na kila anapoulizwa ukweli anaongeza hadithi nyingine.

Hapo ndipo ninapomwelewa Will zaidi. Katika makaratasi ya baba yake anakuta hati ya nyumba yenye jina la mwanamke asiyemfahamu, na mara moja anahofia kwamba safari zile zilificha familia nyingine. Nani katika mji huu angemcheka kwa hofu hiyo? Tunaijua deuxième bureau, yaani mwanamke wa pembeni, tunawajua akina baba wanaokwenda miji ya Kolwezi au Kasumbalesa kwa biashara na kurudi na masimulizi mengi kuliko maelezo. Mara ngapi watoto wa mtu mmoja wamekutana kwa mara ya kwanza kwenye kilio chake, kisha wakaanza kugombea parseli, yaani kiwanja, ambayo marehemu hakuwahi kuwaeleza ni ya nani? Ukweli ambao baba aliukwepa kwa utani huwaangukia watoto akiwa hayupo tena kuulizwa. Katika filamu hofu ya Will haikuwa na msingi, maana Bloom alimkataa mwanamke yule. Lakini ni mwanamke huyo aliyemweleza Will, si baba yake.

Upande wa baba nao una haki yake. Msibani wanakuja watu wa zile hadithi: jitu ni mtu mrefu mno, na wale pacha walioungana mwili ni pacha wa kawaida. Mzee alikuwa ametia chumvi, lakini watu aliowasimulia walikuwa watu wa kweli. Vijana wetu nao huwatilia shaka wazee wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanaposimulia posho, shule na hospitali za kampuni kabla ya maelfu ya wafanyakazi kuachishwa kazi katika mpango ulioanza mwaka huohuo wa 2003, na wazee hao hawajabuni.

Hata hivyo, wanaosema kwamba mwishoni Will anasalimu amri wanasahau mazungumzo yake na daktari hospitalini. Daktari anamweleza kwamba siku aliyozaliwa hakukuwa na samaki wala shida yoyote. Baba yake alikuwa Wichita kikazi, basi. Daktari mwenyewe anaona kwamba hadithi ya samaki inapendeza zaidi, na pengine ndiyo iliyomsaidia Bloom kuvumilia kutokuwepo kwake siku ile. Lakini Will anaupokea ukweli huo kwanza. Ni baada ya hapo tu, mzee anapoamka na kumwomba amsimulie jinsi atakavyokufa, ndipo mtoto anapombeba hadi mtoni kwa maneno yake mwenyewe, na Edward Bloom, aliyezoea kusimulia, safari hii anamsikiliza mwanawe.