Daftari la Presha Lina Habari za Ubongo Pia

Wiki tatu zilizopita nilimsindikiza mama kliniki. Ana miaka 71, na daftari lake la presha limechakaa pembeni kwa kufunguliwa. Katika chumba cha kwanza alipimwa, akaongezewa dozi, akaambiwa apunguze chumvi. Katika chumba kilichofuata nilimweleza daktari kwamba tangu mwaka jana mama huuliza swali moja mara tatu ndani ya saa moja, na kwamba majuzi aliwasha jiko akaenda kulala. Daktari hakuomba hata kuliona daftari. "Bibi, hayo ni ya umri," alisema, akafunga faili. Mama, ambaye husahau mengi lakini hajasahau kujibu, akamwambia, "Mbona mwenzako wa chumba kile umri huohuo ameupa vidonge?"

Kosa si la daktari mmoja aliyechoka. Ni la mazoea ya kuugawa mwili vyumba, kana kwamba shingo ni mpaka wa nchi mbili zisizosalimiana. Ubongo ni takriban 2% ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu 20% ya oksijeni yote hata mtu akiwa amekaa kimya. Kiungo chenye ulafi wa namna hiyo kitaachaje kuumia pale mishipa inayokilisha inapokakamaa? Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu 45% ya visa vya dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, duniani vinahusishwa na mambo 14 yanayoweza kuzuilika au kurekebishwa, na humo mna presha, kisukari, unene na lehemu mbaya.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni suala la wakati. Watafiti wa Whitehall II, ambao tangu mwaka 1985 wamewafuatilia watumishi wa serikali jijini London, walichapisha mwaka 2018 matokeo yaliyostahili kubandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha kupimia: waliokuwa na presha ya 130 au zaidi, kwa ile namba ya juu, walipofika miaka 50, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata dimenshia baadaye, ilhali kipimo hichohicho kilipochukuliwa wakiwa na miaka 60 au 70, uhusiano huo haukuonekana. Ni 130, wala si ile 140 tuliyozoea kuisubiri ndipo tushtuke. Katika kundi hilohilo, unene wa miaka 50 uliongeza hatari, lakini yapata miaka minane kabla ya ugonjwa kutambuliwa, wagonjwa walikuwa tayari wamekonda kuliko wenzao. Yaani ugonjwa huanza kumla mtu mapema, kimyakimya, kabla hajapoteza hata jina moja la mjukuu. Kwa hiyo mtafiti anayeanza kuwapima watu wakiwa na miaka 75 anaweza kukuta kwamba wanaosahau ndio wembamba, naye akatoka na hitimisho la kichwa chini miguu juu kwamba unene unalinda ubongo.

Hapa ndipo epidemiolojia ya molekuli, yaani kusaka chanzo cha magonjwa katika chembe ndogo za damu za watu wengi, inapopata heshima yangu, kwa sababu damu iliyogandishwa miaka mingi iliyopita haiwezi kurekebishwa na kumbukumbu za mtu wala za mwanawe. Benki ya sampuli ya Uingereza, UK Biobank, ilichukua damu ya watu nusu milioni wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, kisha wengine wakaugua na wengine wakasalimika. Protini zilipopimwa katika sampuli za watu zaidi ya 50,000, na matokeo kutangazwa mwaka 2024, ile iitwayo GFAP, inayotoka kwenye seli zinazozihudumia neva za ubongo, ilionekana kubadilika zaidi ya miaka 10 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Jirani yake katika orodha ya protini zilizoashiria dimenshia ilikuwa GDF15, ambayo seli za mwili mzima huitoa zikielemewa, na ambayo wataalamu wa moyo na kisukari wanaifahamu vizuri sana. Tone moja la damu lilikuwa na habari za vyumba vyote viwili.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba picha haijakamilika. Miongoni mwa Waingereza waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946, waliopigwa picha za ubongo wakiwa na takriban miaka 70, presha iliyopanda kuanzia ujana hadi umri wa kati iliambatana na ubongo mdogo na madoa ya mishipa midogo iliyoumia, lakini si na mrundikano wa amiloidi, ile protini ya Alzheimer, aina ya dimenshia inayojulikana zaidi. Utafiti wa SPRINT MIND wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kuishusha presha chini ya 120 kulipunguza hali ya awali ya kudhoofika kwa kumbukumbu kwa 19%, lakini punguzo la dimenshia yenyewe halikufikia uhakika wa kitakwimu, huenda kwa kuwa matibabu yalisitishwa mapema baada ya kuonekana kuwa yanaokoa mioyo. Sawa. Lakini si kila dimenshia ni Alzheimer, na wazee wengi wana amiloidi na mishipa mibovu kwa pamoja. Mwenye paa linalovuja mahali pawili haachi kuziba tundu moja kwa kuwa la pili halijapata fundi.

Kwamba benki hizo zimejaa watu wa asili ya Ulaya ni aibu inayohitaji makala yake. Na wauzaji wa vidonge vya "kurudisha kumbukumbu" sijasikia hata mmoja akimuuliza mteja presha yake.

Jioni ile nilifungua daftari la mama kuanzia mwanzo. Ukurasa wa kwanza ana miaka 58. Kabla ya hapo hakuna kitu, na miaka hiyo isiyoandikwa ndiyo hasa ninayoihitaji. Juzi nilikwenda kupimwa mwenyewe, nina 46, ikawa 134. "Iko sawa tu, dada, hii hatuandiki," alisema muuguzi. Nilitoa daftari jipya kwenye mkoba nikamwomba aiandike, na tarehe pia.