Athens Ilipoiachia Bahati Viti vya Serikali

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo Mwathene wa kale asingeyachanganya. Tunapiga kura kumpata mbunge. Na wanachama wa upatu wanapookota vikaratasi vilivyokunjwa ili ijulikane nani apokee kwanza, nao wanapiga kura. Aliyesoma Matendo ya Mitume anakumbuka kwamba Mathiya alishika nafasi ya Yuda kwa kura ya aina hii ya pili. Huko Athens, katika karne ya 5 na ya 4 KK, kura hizi mbili ziligawa watu kisiasa: mwanafalsafa Aristotle aliandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati huhesabiwa kuwa ni demokrasia, na kuvigawa kwa uchaguzi ni utawala wa wachache.

Leo hilo linasikika kinyumenyume. Lakini tazama nani hushinda uchaguzi: mwenye ukoo, mwenye mali, mwenye ulimi. Mvuvi wa Piraeus, bandari ya Athens, asiye na jina hangeshinda hata angegombea mara kumi. Kwenye bahati nasibu, yeye na mtoto wa kabaila wana nafasi sawasawa. Hiyo ndiyo hoja ya upande wa kura ya bahati, na hadi leo sijaona aliyeijibu vizuri.

Waathene hawakuishia kwenye hoja. Mageuzi ya mwanasiasa Cleisthenes ya mwaka 508 KK yaliwapa Baraza la watu 500, hamsini kutoka kila moja ya makabila kumi, na baadaye wajumbe hao wakawa wanapatikana kwa kura ya bahati. Ulitakiwa uwe umetimiza miaka 30, ukae mwaka mmoja, na usirudi zaidi ya mara moja maishani. Kila siku mmoja wao aliibuka kwa kura kuwa mwenyekiti: usiku mmoja na mchana wake alishika muhuri wa dola na funguo za hazina, kisha basi, hangerudia tena. Kuanzia mwaka 487 KK hata maarkoni (maofisa wakuu wa dola), ambao zamani walikuwa vigogo wa nchi, walipatikana kwa bahati.

Mahakamani mambo yalikuwa ya ustadi zaidi. Kila mwaka wananchi 6,000 waliandikishwa kuwa waamuzi, na kesi moja iliweza kusikilizwa na watu 201 au 501. Nani aketi wapi? Katika karne ya 4 waliweka bamba refu la jiwe lenye safu za matundu. Kila mtu alichomekewa kibao chenye jina lake, kisha mpira mdogo ukadondoka kutoka kwenye bomba la pembeni: mweupe, safu nzima inaingia mahakamani, mweusi, safu nzima inarudi nyumbani. Anayetaka kuhonga hakimu atamhonga nani, wakati hakimu mwenyewe alfajiri hajui kama atakuwa hakimu?

Sasa upande wa pili, nao una msemaji mzito. Mwandishi Xenophon anasimulia kwamba mwalimu wake, mwanafalsafa Socrates, alikuwa akiwasema Waathene kwa kuchagua viongozi kwa maharage (yalitumika kupigia kura hiyo), ilhali hakuna ambaye angempata nahodha, fundi wa nyumba au mpiga zumari kwa njia hiyo. Hoja inauma. Mkaguzi wa arkoni mpya alimuuliza wazazi wake ni nani, makaburi ya ukoo wake yako wapi, kama anawatunza wazazi, kama analipa kodi, kama ametumikia jeshini. Maswali mazuri ya kumjua mkwe mtarajiwa. Kujua kazi hakukuulizwa.

Watetezi watajibu kwamba palipohitaji ujuzi wa kufa na kupona, Waathene hawakucheza. Majemadari kumi walichaguliwa kwa kunyoosha mikono na waliweza kurudi kila mwaka. Pericles alishika cheo hicho miaka 15 mfululizo. Wa bahati nao hawakuachwa huru, kwani kila aliyemaliza muda alitoa hesabu, na hesabu ikikataa, kesi. Ukiongeza kwamba kazi nyingi ziligawanywa kwa kamati za watu kumi, utaona kwamba mtu mmoja asiyefaa hakuweza kuharibu mengi.

Tukio ambalo mimi hulirudia ni la mwaka 406 KK. Majemadari wa Athens walishinda vita vya baharini vya Arginusae, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia waliozama. Mkutano wa wananchi ulifura hasira na kutaka wahukumiwe wote kwa pamoja, kinyume cha sheria. Wajumbe wa Baraza waliokuwa zamu walikataa kuupigisha kura mswada huo, wakatishiwa kuunganishwa na washtakiwa, wakalegea, isipokuwa mmoja. Majemadari sita waliuawa, na baadaye watu wakajuta. Yule mmoja aliyegoma alikuwa Socrates, ambaye kiti kile alikipata kwa maharage yale yale.

Kila upande unaweza kulivuta tukio hili kwake. Wa bahati watasema: mnaona, kura ilimkalisha mtu asiye na chama wala mfadhili, na ndiye pekee aliyesimama. Wa uchaguzi watauliza: na wenzake walioufyata? Mimi naona zaidi kwamba maafa hayakutoka kwenye bahati. Yalitoka kwenye umati uliochochewa na wasemaji hodari, yaani ile sehemu ya mfumo iliyofanana zaidi na siasa zetu za majukwaani.

Wala uchaguzi wa wenzao haukuwa wa kujivunia. Sparta, dola hasimu ya Athens, ilikuwa na wafalme wawili na baraza la wazee 28 wa miaka 60 na zaidi, waliochaguliwa wakae hadi kufa. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa baadaye, anaeleza jinsi wagombea walivyopita mbele ya watu, huku waamuzi waliofungiwa kwenye nyumba ya jirani wakipima ni nani aliyepigiwa kelele kubwa kuliko wote. Aristotle aliuita utaratibu huo wa kitoto.

Usawa wa Athens nao ulikuwa wa uani kwao. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na kibao cha kuchomeka, na sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK ilidai baba na mama wote wawe Waathene. Bahati ilikuwa ya haki kwa waliokwisha kuruhusiwa kuingia mlangoni. Hilo linaidhoofisha Athens, ingawa haliidhoofishi kura yenyewe, maana uchaguzi nao ulikuwa na mlango huo huo.

Ushahidi ninaouamini kuliko wa wanafalsafa ni wa watumiaji wenyewe. Mwaka 411 na mwaka 404 KK matajiri waliipindua demokrasia; iliporudi mwaka 403, bahati nasibu ilirudi nayo. Lakini katika karne ya 4, fedha zilipokuwa adimu, mweka hazina wa jeshi akawa mtu wa kuchaguliwa, na vivyo hivyo wasimamizi wa mfuko wa sherehe. Baraza na mahakama waliviacha kwenye kura ya bahati.