Fundi wa kujaza katriji Lamu habebi lawama peke yake

Katika maduka ya kuchapa nyaraka ya Usita wa Mui, mtaa mkuu wa mji wa Lamu, mstari mweusi ukitokea pembeni mwa fomu, mteja huuliza kwanza kama tona, yaani unga wa kuchapia, ni ya orijino, na akijibiwa kuwa imejazwa upya, kesi imekwisha: fundi ni mlaghai.

Shaka hiyo ina msingi. Katika printa nyingi ndogo za leza, katriji, yaani ganda la unga huo, hubeba pia dramu, silinda inayoupeleka unga kwenye karatasi, na ukanda mwembamba wa kufutia unga uliobaki, na vyote viwili huchakaa kadiri karatasi zinavyopita. Unga mpya ukitiwa juu ya dramu iliyochubuka, mistari haikwepeki. Unga usiolingana na mashine nao huweza kuichafua hadi gharama ya kuisafisha ikameza akiba yote.

Hata hivyo, wanaomshutumu fundi hawaulizi ni nani aliyeamua kuwa katriji imekwisha. Printa nyingi hazipimi unga uliobaki, bali hukadiria kwa kuhesabu kurasa au nukta zilizochapwa. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona nyeusi nayo hutokana na kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, chenye ukurasa wa majaribio ambao wino huufunika kwa takriban asilimia 5 tu, kiasi ambacho karatasi ya mtihani yenye ramani na michoro hukipita kwa mbali, ilhali barua ya mistari minne haikifikii. Ndiyo maana katriji iliyokwisha kutangaziwa kifo, ikitolewa na kutikiswa taratibu huku na huku, mara nyingi huendelea kutoa kurasa safi. Kisha kuna chipu, kijipande kidogo chenye sehemu za mguso za rangi ya dhahabu, ambacho huweza kuifanya mashine ikatae katriji iliyojazwa hata kama dramu yake ni nzima. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kampuni ya printa ya Lexmark, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, kumzuia mnunuzi asiijaze upya. Chipu, bila shaka, haisomi hukumu.

Kwetu kisiwani suala hili ni zito zaidi. Katriji hufika Mokowe, gati la upande wa bara, kwa barabara, ikavushwa kwa boti, ikamalizia safari kwa punda au mkokoteni, lakini ganda tupu halina wa kulilipia nauli ya kurudi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika, ila plastiki iliyokwisha kufika jaani haimsubiri: huchomwa. Kila ujazaji unaofanikiwa huokoa ganda moja.

Fundi naye aandike kwenye ganda tarehe na idadi ya mara alizolijaza, na alikatae dramu ikichakaa. Mwenye duka anayetoza bei ya orijino kwa karatasi iliyochapwa kwa unga wa kujaza, huyo ndiye anayestahili kuitwa mlaghai.