Nimewekwa kitimoto kwa ajili ya kitimoto

Mwenzenu Jumamosi iliyopita nimewekwa kikao. Saa mbili usiku, uani, mi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kushoto kaka wa chumba cha kwanza na bukta yake, kulia mama Shamsa, mbele mama mwenye nyumba kashika daftari la michango ya umeme wa luku, na agenda ilikuwa moja tu, hata mengineyo haikuwepo: "Ile mashine ya baba Naomi."

Ngoja nianzie mbali maana mkisikia kwa majirani mtaona mi ndo mkorofi.

Mi napenda mdudu, yaani kitimoto, nyama ya nguruwe. Napenda kiasi kwamba jamaa wa kitimoto pale kituoni akiniona nashuka kwenye daladala anaanza kumenya ndizi kabla sijamsalimia. Sasa siku moja mama Naomi akachukua kalamu, akapiga hesabu ya hela ninayoiacha pale kwa mwezi, akanionyesha karatasi. Nikamwambia hapa umeongeza sifuri. Akasema hapana, nimepunguza moja nikuonee huruma. Ndo likaja wazo la kula nyumbani, na mi kwenye simu nilishaona video ya mzungu mmoja anatoa chopsi ya nguruwe kwenye eafraya, ile mashine ya umeme ya kukaangia bila mafuta mengi, imevaa chenga za mkate rangi ya dhahabu, anaigonga kwa kisu inalia ka ka ka kama mtu anabisha hodi, halafu mafuta hamna, yaani anapuliza tu kidogo kama anajipaka manukato. Nikasema basi, mi na mafuta ya kula tumeachana rasmi.

Eafraya nikaipata Kariakoo, used, elfu tisini. Kijana ananiapia imetoka Uingereza, ilikuwa ya bibi mmoja alikuwa anapashia mkate tu asubuhi. Kariakoo kila kitu used kilikuwa cha bibi, friji la bibi, pasi ya bibi, gari la bibi halijafika hata Kibaha, sijui vijana wa Uingereza wanatumiaga nini. Kitabu cha maelekezo hamna. Pale usoni ina vipicha vya kubonyeza, kuku, samaki, chipsi, keki, na kimoja nimekiangalia wiki nzima najua ni ramani ya Afrika kumbe ndo chopsi yenyewe.

Nafika nayo nyumbani mama Naomi kauliza swali moja, hajapaza sauti hata kidogo, na mnajua mwanamke asipopaza sauti. "Mafuta utakayookoa ni ya shingapi?" Nikamwambia kukaanga chopsi kunakula nusu lita nzima mama. Akasema, "Hiyo nusu lita mi naimwaga? Leo nakaangia nyama, kesho viazi, keshokutwa naungia maharage. Kwa hiyo kila ukipika unaokoa vijiko vitatu. Elfu tisini kwa vijiko vitatu vitatu, baba Naomi, itarudi mjukuu wako yuko chuo." Mi nikajifanya nakagua waya.

Nikaenda bucha. Namwambia jamaa nipe chopsi. "Chopsi ndo nini?" Nikamwelekeza, ile ya mgongoni yenye mfupa pembeni, kipande kizima, unene kama kidole gumba. Akaniangalia kama nimemuomba anipe na kichwa cha bosi wake. Si mnajua huku kwetu mdudu hana mambo ya mgongo wala paja, panga linashuka pa pa pa, ngozi, mafuta, mfupa, vyote vinaingia kwenye mzani vikiwa ndugu. Akasema kilo ni elfu kumi na mbili, ukitaka kuchagua ni kumi na nne. Yaani namuomba mtu ASIKATEKATE, apumzike, halafu mapumziko yake nayalipia mi! Nikalipa. Vipande vinne, cha kwanza kinene kama Biblia, cha mwisho ukikinyanyua unaona upande wa pili wa barabara. Muhuri wa mkaguzi wa nyama niliuangalia lakini, hapo sina utani, tegu wa nguruwe sio mtu wa kuzoeana naye. Akanifungia kwenye magazeti matatu, akaweka kwenye mfuko mbadala, nikapita uani natembea kwa heshima zote. Mama Shamsa anachagua mchele wake, hata hajainua macho. "Baba Naomi, leo yupo yule?" Nikamuuliza yule yupi mama Shamsa? "Yule anayevaaga magazeti matatu." Na hapo mi kwa kumheshimu huyo mama vyombo vyangu vya mdudu naosheaga kwangu ndani kwenye beseni, hata moshi wake nauelekeza dirisha la barabarani.

Haya, jaribio la kwanza. Chenga za mkate. Kwenye video wanatumia zile za Kijapani, nimezikuta supamaketi, bei ya kile kipakti nanunua mikate mitatu, na mkate mzima ukiula kuna chenga zinabaki mezani bure kabisa. Nikachukua mkate wa asubuhi hiyohiyo, laini, nikaufikicha kwa mkono. Nyama nikaiviringisha kwenye unga wa ngano, nikaitumbukiza kwenye yai, nikaivalisha chenga, zote nne nikazipanga kwenye kikapu kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Nikabonyeza ramani ya Afrika.

Sasa hakuna aliyeniambia kwamba hii kitu sio uchawi wala nini, ni oveni ndogo tu, ina koili juu na feni inapuliza lile joto lizunguke kwa kasi. Feni ilipoanza, chenga zote ambazo hazijashika vizuri zikapaa. Zikafika kwenye koili. Moshi ukaanza kutoka nyuma, Naomi anakohoa anauliza baba unachoma nini, mi nasema napika, anasema hapana, unachoma nini? Baada ya dakika kumi na mbili navuta kikapu, chopsi nyeupe, zina mabaka, kama mtu katoka Kibamba mpaka Kimara kwa miguu wakati wa kiangazi. Pale zilipobanana zimelowana kabisa, maana hewa haikupita zikajipika kwa mvuke wao wenyewe. Nikivuta moja, nyama inakuja, nguo inabaki kwenye kikapu. Tukala na ugali, kimya kimya, kama msibani.

La pili nilijiandaa, nikapanga mbili mbili. Dakika ya saba umeme ukakatika. Unakaa gizani umeshika droo, nyama nusu imeiva nusu inakuangalia, na nguruwe sio ng'ombe useme nakula na damu yake kidogo. Nikasubiri dakika ishirini. Nikageuka, mama Naomi kasimama mlangoni na tochi ya simu mkono huu, chupa ya mafuta mkono huu. Hajasema kitu. Nikaipokea. Jiko la gesi likawashwa, nusu lita ikaingia kwenye kikaango.

Sasa nina mdogo wangu yuko jikoni kwenye hoteli moja mjini, nikampigia, akacheka mpaka salio langu likaisha, halafu akanipigia yeye. Akasema kaka, kosa la kwanza mkate. Unataka mkate uliolala, ule mgumu mnaopigania nani asiule. Uvunje, upondeponde na chupa ya soda, halafu chenga zako zipitishe kwenye kikaango na vijiko viwili tu vya mafuta, koroga mpaka ziwe kahawia ndo uivalishe nyama. Rangi unaimaliza kabla, eafraya inabaki na kazi ya kukausha tu. Yaani nilikaa chini. Elfu tisini yote ile na siri iko kwenye kiporo cha mkate.

Basi nikafuata. Chopsi nikaziloweka nusu saa kwenye maji na chumvi kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe kikubwa, maana nyama ya mgongoni haina mafuta ndani, ukizubaa inakauka unatafuna kadi ya mwaliko. Nikazifuta mpaka zikauke kabisa, ule ukanda wa mafuta pembeni nikauchanja mara tatu kwa ncha ya kisu zisijikunje. Mkono wa kushoto unashika vikavu, wa kulia unashika yai, usibadilishe. Mi nikabadilisha, simu ikaita, nikapokea na vidole vina unga, yai na chenga, ni shemeji yangu anauliza mko wazima, nikamjibu huku sikio linashikana na simu. Chenga unazikandamiza na kiganja, sio kunyunyiza kama unarusha mchele harusini. Halafu unaiacha ikae dakika kumi nguo ishikane na mwili, hapo ndo pagumu kuliko pote, maana mtu una njaa halafu unaambiwa uangalie nyama mbichi ikipumzika, imefanya kazi gani sasa?

Kupuliza mafuta nikachukua kichupa cha spreyi cha mama Naomi cha nywele. Nimekiosha mara tano na sabuni, naapa, lakini mbili za mwanzo zilinukia kama bibi harusi.

Joto 200, eafraya yenyewe nimeiwasha dakika tatu tupu ishike moto, mbili mbili, zisigusane, dakika ya sita nageuza, ya kumi na mbili nachanja karibu na mfupa nione kama bado kuna maji ya pinki, ile nene kama Biblia nikaiongezea mbili. Nikaitoa. Nikachukua kisu. Ka. Ka. Ka. Naomi katoka chumbani anauliza nani anabisha hodi.

Jamani sikulia lakini nilimeza mate kwa uchungu.

Ndo hapohapo luku ikaanza pii, pii, pii. Na ndo kikao.

Mama mwenye nyumba akafungua daftari, akasema tangu mashine ya baba Naomi ije umeme hauendi wiki. Nikasema sawa, nikaingia ndani, nikaitoa, nikaipindua mbele ya wajumbe, nikawasomesha kule chini: wati 1500. Nikapiga hesabu kwa sauti, kama shule. Kilowati moja na nusu, kwa nusu saa, kuwasha na kupika mizunguko miwili, ni uniti sifuri nukta saba tano. Hapa kwetu elfu kumi inatupa uniti 28, maana nyumba nzima na vyumba vyake tunabanana kwenye mita moja, ile bei ya huruma ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi tunaisikia tu. Gawanya. Ni kama shilingi mia mbili na sabini, na hapo nimehesabu kama inawaka mfululizo wakati joto likitosha inajizima yenyewe. Sasa kaka wa chumba cha kwanza anapiga pasi kila asubuhi shati lilelile, na lile sabufa lake linaimba hata akienda kazini. Mama Shamsa na heshima zake zote, friji la barafu za biashara lile halijawahi kulala. Na jagi la umeme la mama mwenye nyumba, nikasema samahani mama, shikamoo tena, lile jagi linanishinda mimi kwa wati.

Kimya. Kaka akajikuna goti. Nikaona nimeshinda.

Mama mwenye nyumba akafunga daftari taratibu. "Baba Naomi, hesabu unajua. Sasa mbona luku imeisha siku uliyopika wewe?"

Mnajibu nini hapo? Mama Shamsa anatikisa kichwa, kweli kabisa, siku aliyopika yeye. Nikapigwa mchango wa elfu tano. Ukinunua mwanzo wa mwezi inakatwa na elfu moja mia tano ya kodi ya jengo, jengo ambalo mi sina hata msumari, msumari nilioupigilia wa kutundikia kalenda niliulizwa.

Kaka wa chumba cha kwanza akanifuata mlangoni, naona kaona aibu ya sabufa. Kanusa. Nikampa chopsi moja kwenye sahani, akaing'ata, ikalia mpaka mama Shamsa kule uani akageuka. Akafumba macho. "Broo, hii noma. Hii umeipatia." Akamaliza upande wa kwanza, akaangalia sahani, akaangalia mezani, akaniangalia mimi. "Ila ndizi ziko wapi?"

Nikawa sina jibu. Mama Naomi naye akaangalia mezani kama ndo anaiona leo. Mdudu bila ndizi za kukaanga na kachumbari ya limau, kweli, ni nini? Kuzikaanga, yale mafuta ya siku ya kukatika umeme yalishaisha. Kuziweka kwenye eafraya, nani aniwekee kikao cha pili? Nikavaa kandambili nikashuka mpaka kituoni kwa jamaa yangu, kaniona tu kashika ndizi.

Nikamwambia bosi wangu, nipe ndizi za kukaanga na kachumbari, nyama ninayo nyumbani.

Akairudisha ndizi kwenye beseni. "Ndizi siuzi peke yake, kaka. Zinatoka na nyama, kuanzia nusu kilo."

Nikageuka nyuma, hamna mtu ninayemjua. Nikamwambia weka nusu. Na pilipili usiibanie.