Umehama Nyumba Marekani? Siku 10 Zimeshaanza Kuhesabika

Asiye raia akihama nyumba Marekani ana siku 10 za kuiarifu idara ya uhamiaji, USCIS, anakoishi sasa. Fomu yake ni AR-11. Hailipiwi, na mtandaoni huijazi hata robo saa. Mwenye Green Card, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, anahusika, mkimbizi naye vilevile. Wanadiplomasia wamesamehewa. Asiyetoa taarifa ametenda kosa la jinai: kuna faini, kuna kifungo cha hadi siku 30, na anaweza kufukuzwa nchini asipoonyesha kwamba hakukusudia au alikuwa na sababu ya maana.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja, kwamba bila anwani sahihi barua za serikali hazimfikii mhusika, na mimi naikubali zaidi ya nusu. Mama mmoja wa Bukavu niliyemsaidia kujaza fomu alikuwa amehama mtaa wa pili tu, akaandikisha anwani mpya posta, akadhani kazi imekwisha. Posta haiambii uhamiaji chochote. Barua ya kumwita akachukuliwe alama za vidole ikaenda nyumba ya zamani, na aliyepanga pale akaiweka juu ya kisanduku cha mita ya umeme. Ilikaa hapo mpaka siku ya miadi ikapita. Kwa mama huyu, anwani sahihi ndiyo ingemwokoa.

Shida yangu ni adhabu, na jinsi serikali yenyewe inavyoutumia wajibu huu. Mzizi wake uko kwenye sheria ya mwaka 1940 ya kuwaandikisha wageni, wakati Ulaya inawaka vita. Kwa miaka mingi wageni walitakiwa kutoa anwani kila Januari, utaratibu uliofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 mkazo ukarudi, lakini mwaka 2002 wakaguzi wa serikali wakaona kwamba idara ya uhamiaji ya wakati huo ilishindwa kuwapata wageni wengi kwa sababu anwani ilizokuwa nazo hazikuaminika. Aprili 2025 uandikishaji wa wageni ukakazwa upya.

Tena, AR-11 haifiki mahakamani. Mwenye kesi mbele ya jaji wa uhamiaji ana fomu nyingine, EOIR-33, na muda wake ni siku 5 za kazi. Akijaza moja akaacha nyingine, barua ya tarehe ya kesi inaweza kupotea, na jaji akatoa amri ya kumfukuza bila yeye kuwepo. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana anayenaswa ni mtu aliyejaribu kutii.

Ujerumani inadai taarifa ndani ya wiki 2, pamoja na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, ila inaidai kwa kila mkazi, Mjerumani na mgeni. Japani iliwaingiza wageni kwenye daftari moja na wenyeji Julai 2012, na siku ni 14, ingawa mgeni akipitisha siku 90 anaweza kunyang'anywa kibali cha kuishi, jambo lisilompata Mjapani.

Mimi ningeubakiza wajibu, nikaondoa kifungo na kufukuzwa, nikataka fomu moja ifike idara zote. Hilo halijawa, kwa hiyo ninayemsaidia namwambia ajaze AR-11, na EOIR-33 kama ana kesi, siku ileile anayopewa ufunguo, na karatasi ya uthibitisho aichape na kuiweka pamoja na mkataba wa pango.