Kabali ya nyuma ifundishwe kuanzia mikononi, si shingoni

Kuna namna moja ya kufundisha kabali ya nyuma katika jujitsu ya Brazil ambayo ningependa iachwe kabisa. Mwanafunzi mpya anawekwa nyuma ya mwenzake, anaambiwa azungushe mkono shingoni, ashike msuli wa mkono wake wa pili, kisha akaze. Basi anakaza. Meno yanasagana, mikono inatetemeka, na anayekabwa ametulia tuli, kidevu amekishusha kifuani, anasubiri mwenzake aishiwe pumzi. Mwalimu anapita na kusema, "Utazoea." Hawezi kuzoea, kwa sababu hajafundishwa kabali. Amefundishwa sekunde tatu za mwisho wa kabali, na kazi yote inayotangulia ameachiwa aitafute mwenyewe gizani.

Naelewa kwa nini walimu wanaanzia hapo. Kabali hii ndiyo iliyowaleta wengi kwenye mkeka. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1993, kule Denver, Royce Gracie aliingia katika mashindano ya kwanza kabisa ya UFC, yanayokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali, akiwa mwembamba kuliko wengi wa wapinzani wake, na fainali dhidi ya Gerard Gordeau akaimaliza kwa mkono shingoni. Wabrazili wanaiita mata leão, muua simba. Kwenye judo, ambako jujitsu ya Brazil imetoka, inaitwa hadaka-jime. Mgeni anapoingia darasani anataka kuionja siku hiyohiyo, na mwalimu mwema hapendi kumvunja moyo. Ila kilichowavutia watu ni ule mwisho, na mwisho ndio ulio rahisi.

Tuitazame shingo kwanza. Kila upande wake una mshipa mkubwa wa damu, ateri ya karotidi, unaopeleka damu kwenye ubongo. Mbele katikati kuna koromeo na njia ya hewa. Kabali nzuri inaliacha koromeo kabisa. Mkunjo wa kiwiko unakaa chini ya kidevu, sawa na katikati ya kifua cha anayekabwa, kwa hiyo sehemu ya mkono iliyo juu ya kiwiko inabana upande mmoja na kigasha kinabana upande wa pili. Nafasi ya mbele inabaki wazi, na anayekabwa anaweza hata kuendelea kupumua huku damu inayopanda kichwani ikipungua. Ikikaa sawasawa, mtu hupoteza fahamu kwa takriban sekunde 10, wengine mapema zaidi.

Mgandamizo unaotosha kuziba ateri hizo ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa kuziba njia ya hewa. Hili ndilo jambo ambalo ningetaka kila mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, alijue kabla hajaigusa shingo ya mtu. Maana yake ni kwamba ukijikuta unakazana mpaka mishipa ya paji la uso inakutoka, mkono wako uko mahali pasipofaa. Uko juu ya taya, au kigasha kimelala juu ya koromeo, au kiwiko kimesogea pembeni na upande mmoja wa shingo hauguswi kabisa. Kuongeza nguvu hapo hakurekebishi chochote.

Nguvu ina ubaya mwingine, mkubwa zaidi: inadanganya. Ukimponda mwenzako taya kwa mfupa wa kigasha, atagonga, yaani atakupigapiga kwa kiganja kuonyesha kwamba amekubali kushindwa. Taya inauma, na mtu mwenye akili hangoji meno yake yavunjike kwa ajili ya mazoezi ya jioni. Nawe unaondoka ukiamini kwamba umemkaba. Wako wanaosema kugonga ni kugonga, haidhuru kumetokana na nini. Kwenye mashindano nakubaliana nao, kwa kuwa sheria inaruhusu na mshindi ni mshindi. Kwenye mazoezi nawapinga moja kwa moja. Mazoezi ni mahali pa kugundua mkono wako umekaa wapi, na maumivu ya taya yanakunyima habari hiyo. Ukifanya hivyo mwaka mzima utakuwa mjuzi wa kuumiza nyuso za watu wenye huruma, kisha utakutana na asiyejali maumivu na utabaki umening'inia mgongoni mwake bila la kufanya.

Sasa mikono. Aliyeshikwa mgongo ana silaha mbili tu za maana dhidi ya kabali, nazo ni mikono yake miwili. Kidevu kinasaidia kidogo, lakini mikono ndiyo inayomweka salama. Wewe mkono mmoja umepita juu ya bega lake, wa pili umepita chini ya kwapa, na vimekutana kifuani pake. Miguu yako iko ndani ya mapaja yake kama kulabu. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Brazil, nafasi hiyo ukiidhibiti kwa sekunde 3 inakupa pointi 4, kiwango cha juu kabisa katika mchezo huu, sawa na kumkalia mtu kifuani. Yeye naye ameushika ule mkono wako wa juu kwa mikono yake yote miwili. Mmoja dhidi ya wawili. Hapa ndipo kabali inaposhindwa au kufaulu, na hapa ndipo madarasa mengi yanaporuka.

Kinachotakiwa ni kuzigeuza hesabu hizo. Mkono wako wa chini, ule uliopita kwapani, haukai pale kama pambo. Unashika kifundo cha mkono wake mmoja, unaushusha kuelekea kiunoni, na ukiupata vizuri unaweza kuunasa kwa mguu wako mwenyewe ubaki huko. Sasa amebaki na mkono mmoja wa kuilinda shingo, na wewe unao wa kuishambulia pamoja na uvumilivu wako wote. Kocha John Danaher, aliyekulia New Zealand na kufundisha kwa miaka mingi katika chuo cha Renzo Gracie jijini New York, amelijengea jambo hili mfumo mzima: funga mikono kwanza, shingo itafuata. Huna haja ya kuwa mfuasi wake ili kuona kwamba mantiki hiyo haina mwanya.

Hata upande unaoangukia una maana yake. Ukilala upande wa ule mkono uliopita juu ya bega, kichwa chake kinabaki kimebanwa kati ya kichwa chako na mkono wako, na ni vigumu kwake kuyafikisha mabega mkekani. Ukilala upande wa pili, anapata nafasi ya kuteleza na kukugeukia. Wanafunzi huambiwa haya kwa haraka, kama nyongeza, ilhali kwa maoni yangu ndiyo somo lenyewe.

Mkono wa kukaba ukipata upenyo, kiganja kinaelekea nyuma ya bega lake la mbali, kana kwamba unataka kujikuna mgongoni kupitia kwake. Hapo kiwiko chenyewe kinafika chini ya kidevu. Mkono wa pili hauletwi mbele ya uso wake, maana ataudaka. Unapita nyuma ya kichwa, karibu na sikio lako, ukiwa umefichika, na mgongo wa kiganja ndio unaogusa kisogo. Kichwa chako kinasogea kuziba mwanya uliobaki. Halafu, badala ya kuikunja misuli ya mikono, unapanua kifua na kuyavuta mafupa ya mabega yakaribiane mgongoni, viwiko vikishuka kuelekea mwilini. Mgandamizo unatoka kifuani. Ukiwahi kukabwa hivi na mtu mwenye mkanda mweusi asiyehangaika, unajua tofauti yake: hakuna maumivu, hakuna kelele, masikio yanaanza kuziba na unagonga kwa sababu unaona kabisa unakoelekea.

Njia ninayoitetea ya kuifundisha ni hii. Vipindi vya mwanzo, kukaza kupigwe marufuku. Mwanafunzi aanzie mgongoni, mwenzake ajilinde kwa mikono kwa bidii yote, na ushindi uhesabiwe pale kigasha kinapofika chini ya kidevu. Hapo wanasimama, wanaanza tena. Kando na hilo, wajifunze umaliziaji kwa shingo isiyopinga, wakiongeza mgandamizo polepole sana, na anayekabwa aseme anausikia wapi: pande zote mbili, upande mmoja tu, au mbele kwenye koo. Hakuna mwalimu anayeweza kuona kwa macho kile ambacho shingo ya mwenzako inakisikia. Taarifa yake ndiyo kipimo, na kwa desturi hatumpi nafasi ya kuitoa.

Najua pingamizi. Watu wenye nguvu wanashinda kwa nguvu, na mashindanoni hakuna anayekaba polepole. Ni kweli, na sisemi mtu asiwe na nguvu. Ila mtazame Marcelo Garcia. Alipigana katika uzito wa chini ya kilo 77, akatwaa ubingwa wa ADCC, mashindano makubwa ya kushikana na kukabana, mwaka 2003 mjini São Paulo, na hata alipoingia kitengo cha uzito huria dhidi ya watu waliomzidi kwa kilo nyingi, aliendelea kuwatafuta mgongoni. Au mtazame Roger Gracie na kabali yake ya kola, ile ya kukaba kwa kushika ukosi wa vazi la mpinzani, nyingine wanayofundishwa wanaoanza. Katika ubingwa wa dunia wa 2009 aliwamaliza wapinzani wake wote kwa kabali hiyohiyo moja, akiwa amewakalia kifuani. Kila mmoja wao alijua inakuja. Walichokosa ni mikono na viuno vya kuizuia, kwa sababu alikuwa amekwisha kuvichukua kabla kola haijakazwa. Roger ni mtu mkubwa, sawa, lakini wapinzani wake katika uzito ule nao hawakuwa wadogo.

Kuna na suala la usalama, ambalo kwangu halitenganiki na hili. Anayejifunza kabali kwa kukaza hupoteza uwezo wa kumsikiliza mwenzake, kwa kuwa mwili wake wote umeshughulika. Kugonga kunaweza kuwa kwa mguu kama mikono imenaswa, au kwa sauti, au kusiwepo kabisa. Mwili ukilegea ghafla au pumzi ikaanza kukoroma, achia papo hapo bila kungoja kuambiwa. Mlaze chali, na kwa kawaida fahamu hurudi ndani ya sekunde chache. Siku hiyo asirudi kwenye mkeka, hata akisisitiza kwamba yuko mzima. Na kama baada ya kukabwa mtu anaumwa na kichwa au shingo kwa namna isiyo ya kawaida, anaona ukungu, anashindwa kutamka vizuri, au upande mmoja wa mwili unalegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kuchanika kwa ukuta wa ateri ya shingo ni nadra katika mchezo huu, lakini madaktari wameshaandika kuhusu wachezaji waliopata kiharusi kwa njia hiyo. Aliyewahi kupata kiharusi au mwenye tatizo la mishipa ya shingo azungumze na daktari kabla ya kumpa mtu yeyote shingo yake.

Kwa watoto nina msimamo mkali kuliko kanuni. IBJJF inawakataza walio chini ya miaka 13 kabali kadhaa, ikiwemo gilotini ya mbele (kuizungushia shingo mkono kutoka mbele) na ezekieli (kukaba kwa kushika mkono wa vazi lako mwenyewe), na nafurahi kwamba inafanya hivyo. Mimi ningeongeza kwamba hata kabali ya nyuma waishie pale mkono unapofika chini ya kidevu. Hawapotezi kitu. Vita vya mikono ndivyo vigumu, na mtoto aliyevicheza kwa miaka kadhaa atajifunza kumalizia kwa jioni moja atakapokuwa mkubwa.

Kimebaki kidevu, kwa sababu ndicho kila mtu anachouliza. Mwenzako amekishusha, mkono hauingii, ufanyeje? Usimponde. Kidevu kilichoshuka kinakuambia kwamba bado ana mkono huru unaomsaidia kukilinda. Rudi kwenye vifundo vya mikono yake. Ushushe ule mkono, badilisha mkono wa kukaba uende upande wa pili, muache ageuze uso kuufuata, na kigasha kipite kwenye ule mwanya unaofunguka chini ya sikio anapogeuka. Ukikataliwa tena, rudi tena. Uko mgongoni mwake, naye hawezi kukufanya lolote la maana akiwa amekupa kisogo. Muda ni wako.